Kutikisa Picha Si Kusogeza Kichwa

Ndege ndogo ikiondoka Ifakara na kushika njia ya kusini-magharibi kuelekea kijiji cha Mofu, kulia kwa rubani husimama ukuta wa milima ya Udzungwa, na kushoto kwake hutandazika uwanda wa mto Kilombero hadi kwenye vilima vya Mahenge. Sakafu ya bonde iko karibu mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Luhombero kule Udzungwa kinapita mita 2,500. Masika mto hufurika, na alama alizozizoea rubani wakati wa kiangazi, yaani njia za ng'ombe, mashamba ya mpunga na vijito, hubadilika sura au huzama kabisa. Hapo rubani hutegemea macho yake: reli ya TAZARA inayopita chini ya milima, daraja la Kilombero, ukingo wa msitu. Safari hiyo sasa anaweza kuiruka hata mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta. Agosti 2020 lilitoka toleo jipya la Microsoft Flight Simulator, simuleta (yaani programu ya kuiga urukaji), lililotengenezwa na kampuni ya Asobo ya Bordeaux, Ufaransa, ambalo limeichora dunia nzima kwa kutumia picha za setilaiti. Bonde la Kilombero limo.

Mengi yameandikwa kuhusu uzuri wa picha hizo, mawingu yake na mwanga wake. Jambo ninalolichambua hapa ni dogo zaidi kwa umbo, lakini kwa maoni yangu lina uzito kuliko mawingu yote: kichwa cha rubani. Katika simuleta ya nyumbani, kompyuta lazima iamue jicho la mtazamaji liko wapi ndani ya chumba cha rubani, linaelekea wapi, na linasogea namna gani. Jicho hilo huitwa kamera. Linaweza kukaa kama limepigiliwa msumari. Linaweza kutikiswa na programu yenyewe kila ndege inapokumbana na msukosuko wa hewa. Au linaweza kufuata kichwa cha mtu aliyekaa kitini. Wengi wanaotafuta uhalisia hukimbilia njia ya pili, ya kutikisa. Mimi nasema wamekosea mlango. Picha inayotikiswa inaiga kamera ya video, haiigi jicho la binadamu, na uhalisia wa kweli unapatikana pale mtu anapopewa uhuru wa kusogeza kichwa chake mwenyewe ili atafute anachotaka kukiona.

Ili kuelewa kosa hilo lilivyoingia, ni vizuri kujua lilikotoka. Mwaka 1979 Bruce Artwick alitoa programu ya kuiga urukaji kwa kompyuta ya Apple II. Picha yake ilikuwa mistari michache, na jicho halikusogea hata kidogo. Mwaka 1982 Microsoft wakaanza kuuza toleo lao lililotokana na kazi ya Artwick. Kwa miaka mingi baadaye aliyetaka kutazama pembeni alibonyeza kitufe, na picha ikaruka ghafla kutoka mbele hadi kushoto. Hakuna shingo inayogeuka hivyo. Watu walichoshwa na ugumu ule, na ndipo zikaja programu za nyongeza: EZdok kwa matoleo ya zamani ya Microsoft, HeadShake kwa watumiaji wa simuleta nyingine, X-Plane, na FSRealistic kwa toleo la 2020. Zilikiyumbisha kichwa ndege ilipopinda, zikakirusha magurudumu yalipogusa ardhi, zikakitetemesha injini ilipowaka. Watumiaji walifurahi, na furaha yao ilikuwa na sababu. Chumba cha rubani kilichokuwa kama picha ya ukutani kilianza kupumua.

Lakini furaha si ushahidi. Yeyote anaweza kufanya jaribio moja sasa hivi, bila kompyuta wala ndege. Shika gazeti mbele ya uso, kisha tikisa kichwa kushoto na kulia haraka haraka huku ukisoma. Maneno yanasomeka. Sasa tuliza kichwa, ulitikise gazeti kwa kasi ileile. Maneno yanachuja na kuwa ukungu. Tofauti hiyo hutoka kwenye sikio la ndani. Humo mna mirija midogo yenye majimaji inayohisi kila mzunguko wa kichwa, na kwa muda wa takribani milisekunde 10 macho huwa yamekwisha kuzungushwa upande wa pili ili yale yanayotazamwa yabaki palepale. Kazi hiyo hufanyika mchana kutwa bila sisi kujua. Ndiyo maana mtu aliyekaa nyuma ya pikipiki katika barabara mbovu ya kwenda Mlimba bado anaiona milima ikiwa imetulia, ingawa kichwa chake kinarukaruka.

Thamani ya kazi hiyo inajulikana zaidi pale inapokosekana. Mwaka 1952 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha maelezo ya daktari aliyejitambulisha kwa herufi J.C., ambaye sikio lake la ndani liliharibiwa na streptomisini, dawa ileile iliyotumika kwa miaka mingi hapa Tanzania kutibu kifua kikuu. Alieleza kwamba alipojaribu kusoma kitandani, mapigo ya moyo pekee yalitosha kuzirusha herufi, hata ikambidi akibane kichwa kwenye vyuma vya kitanda. Alipotembea, dunia ilitikisika pamoja naye, na ili asome kibao cha barabarani alilazimika kwanza kusimama. Huyo ndiye binadamu ambaye programu za kutikisa kamera zinamwiga bila kukusudia. Zinachora kile anachokiona mtu asiye na sikio la ndani, kisha zinatuambia kwamba ndivyo rubani mwenye afya anavyoona.

Kwa nini basi watu wengi, wakiwemo marubani halisi, wakiitazama picha ile husema kwamba inafanana na kweli? Jibu langu ni kwamba inafanana na kweli waliyoiona kwenye video. Wengi wetu tumekijua chumba cha rubani kupitia kamera ndogo zilizofungwa kichwani, zilizoshikwa mkononi au zilizobandikwa kwenye kioo. Kamera haina sikio la ndani. Ukimfunga rubani kamera kwenye kofia, video itakayotoka itayumba vibaya sana, ilhali yeye aliyeivaa aliona upeo wa macho ukiwa tuli. Jicho letu limezoeshwa na video, na sasa linadai simuleta ifanane na video. Rubani mzoefu naye anaposifu mtikisiko, mara nyingi husifu kumbukumbu za mwili wake. Kiuno kilihisi, tumbo lilihisi, mkanda ulimbana bega, na kwa kuwa skrini haina njia ya kumgusa kiuno, anaikubali ishara yoyote inayoletwa badala yake.

Ipo namna ya kupima programu yoyote ya kutikisa, nayo ni ya kihesabu. Kichwa kikisogea pembeni kwa sentimita 1, dashibodi iliyo sentimita 70 mbele ya uso itaonekana imehama kwa pembe ya nyuzi 0.8 hivi. Lakini mlima ulio kilomita 10 mbali hautaonekana umehama hata chembe. Kwa hiyo kichwa kinachorushwarushwa kitini kingepaswa kuifanya dashibodi icheze mbele ya macho huku mstari wa Udzungwa ukibaki umenyooka. Zipo programu zinazofanya kinyume. Huizungusha kamera yote, dashibodi na mlima vikaruka pamoja, kana kwamba tetemeko la ardhi limeikumba Iringa. Na hata programu inayofanya hesabu hiyo vizuri bado ina upungufu mmoja usiozibika kirahisi: haijui mtu anatazama nini. Jicho likikaza kwenye mlima, dashibodi ndiyo itakayocheza. Likikaza kwenye saa ya mwendo, saa hiyo itatulia na mlima ndio utakaocheza. Jicho huchagua kila sekunde, na programu iliyoandikwa miezi mingi kabla haiwezi kuchagua kwa niaba yake.

Kuna kosa jingine la aina hiyo kwenye kona. Baadhi ya programu humlaza rubani kuelekea nje ndege inapopinda, kama abiria wa basi kwenye kona za Kitonga. Ndege haipindi kama basi. Inapopinda ipasavyo hulaza bawa, na nguvu yote humshukia rubani kutoka kichwani hadi kitini. Akiwa ameilaza kwa nyuzi 30 huhisi uzito wake umeongezeka kwa asilimia 15 hivi, na kwa nyuzi 60 unakuwa maradufu. Hakuna kinachomvuta ubavuni. Watafiti wa urukaji wa kijeshi wa Marekani katika miaka ya 1990 waligundua jambo la ajabu zaidi: rubani anayeona nje vizuri huinamisha kichwa chake kuufuata upeo wa macho bila kujijua, kana kwamba shingo inataka dunia ibaki imelala sawa. Hata baadhi ya watumiaji wa simuleta za nyumbani hufanya vivyo hivyo mbele ya skrini. Programu ikiilaza kamera upande mmoja na shingo ya mtu ikienda upande mwingine, kinachofuata ni kichefuchefu.

Hadi hapa nimeonesha kwamba kutikisa si kweli. Sasa nioneshe kwa nini kusogeza kichwa kuna maana kubwa, na kwa hili sihitaji kutoka nje ya bonde. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na kilomita za mraba 7,967, na katika maelezo yake lilitajwa kuwa makao ya karibu asilimia 75 ya swala aina ya sheshe wote duniani. Tumejuaje hayo? Kwa sehemu kubwa, kwa watu waliokaa kwenye viti vya nyuma vya ndege ndogo wakihesabu kupitia dirishani. Njia yenyewe ilielezwa kwa kina na Mike Norton-Griffiths katika miaka ya 1970, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, imeitumia katika sensa zake. Ndege huruka kwa mistari iliyonyooka, kwenye kimo cha futi 350 hivi, ambacho ni kama mita 107. Kwenye mkono wa chuma unaoshikilia bawa hufungwa fimbo mbili. Mhesabuji huhesabu wanyama wanaoonekana kati ya fimbo hizo tu. Ardhi iliyo kati yake ni kama utepe unaojulikana upana wake, na kutokana na utepe huo hukadiriwa idadi ya eneo zima.

Ujanja wote upo kwenye mahali pa jicho. Fimbo hazionekani palepale ukikaa wima na ukijilaza. Kwa hiyo kwenye kioo cha dirisha huwekwa alama nazo, na mhesabuji hutakiwa kuzilinganisha na fimbo za nje ili kichwa chake kirudi mahali pamoja kila mara. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Fimbo ya ndani iwe mita 1 pembeni mwa jicho na mita 1 chini yake. Fimbo ya nje iwe mita 1.5 pembeni na sentimita 62 chini. Kutoka mita 107 juu, utepe wa ardhi utakuwa na upana wa mita 152. Mhesabuji akichoka, mgongo ukalegea na jicho likashuka sentimita 5 tu, utepe unapanuka na kufika mita 169. Ameongeza asilimia 11 ya ardhi bila kujua, na wanyama wote waliomo ataandika kana kwamba walikuwa kwenye utepe wa awali. Akijinyoosha ili aone vizuri na jicho likapanda sentimita 5, utepe unasinyaa hadi mita 138 hivi. Hakuna aliyedanganya. Shingo tu ndiyo imesogea.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika hesabu zilizobadili siasa za uhifadhi. Sensa ya mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi, ambao Kilombero ni sehemu yake, ilikadiria karibu tembo 39,000 mwaka 2009. Ile ya 2013 ikatoa 13,084. Anguko hilo lilitokana na ujangili, na ni kubwa mno kuweza kuelezwa kwa migongo iliyolegea. Lakini lilijulikana na kuaminika kwa sababu kulikuwa na utaratibu wa kuliweka jicho mahali pake, mwaka baada ya mwaka. Siku hizi watafiti wamejaribu kuwasaidia wahesabuji kwa kamera zilizofungwa ubavuni mwa ndege. Jaribio lililofanyika Tsavo, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2020 lilionesha kwamba wahesabuji wa kiti cha nyuma huwakosa wanyama wengi ambao picha zinawanasa. Kwa hiyo sisemi kwamba jicho la binadamu ni kamilifu. Nasema kwamba jicho lina mahali, na mahali hapo hubadili kinachoonekana. Programu inayolisogeza jicho bila ridhaa ya mwenye jicho inaharibu jambo la kwanza ambalo mrukaji wa bonde anapaswa kujifunza.

Kwa rubani wa kiti cha mbele mambo ni hayohayo. Tuchukue tena mfano: ukingo wa juu wa boneti ya injini uwe mita 1.8 mbele ya jicho na sentimita 20 chini yake. Ndege ikiwa imelala sawa kwenye kimo cha mita 60, ardhi ya kwanza anayoiona juu ya boneti iko mita 540 mbele. Mteremshe rubani sentimita 5 kwenye kiti, na ardhi ya kwanza inasogea hadi mita 720. Mita 180 zimemezwa na boneti. Kwenye uwanja mkubwa wa Dar es Salaam atasamehewa. Kwenye kiwanja kifupi cha nyasi, ambako ng'ombe wanaweza kukatiza, hizo ndizo mita za kujua kama kuna kitu. Ndiyo maana mwalimu yeyote makini humfundisha mwanafunzi kurekebisha kimo cha kiti kabla hata ya kuwasha injini. Katika simuleta za nyumbani watu hutumia saa nzima kuchagua rangi ya ndege, na hawagusi kabisa kimo cha jicho.

Ndege zinazotumika zaidi katika viwanja vya aina hiyo, Cessna 206 na Cessna 208 Caravan, zina mabawa juu ya paa. Humwonesha abiria mbuga yote iliyo chini yake, lakini zinapopinda, bawa la upande wa ndani hushuka na kuziba hasa kule ndege inakoelekea. Rubani hujiinamisha mbele atazame kutoka mbele ya bawa, au huliinua bawa kidogo kabla ya kupinda ahakikishe hakuna ndege nyingine. Zipo pia nguzo zinazoshikilia kioo cha mbele. Ndege nyingine inayokuja kugongana nawe mara nyingi haionekani kusogea kwenye kioo; hukaa palepale ikikua, na ikiwa imejificha nyuma ya nguzo haitaonekana hadi kuchelewa. Dawa yake ni kusogeza kichwa kidogo mbele na nyuma. Bonde hili lina makundi makubwa ya ndege wa majini, korongo na wenzao, ambao huinuka kutoka kwenye vinamasi bila taarifa. Shingo iliyozoea kutafuta ni kinga. Simuleta yenye kamera iliyogandishwa haifundishi zoea hilo, wala yenye kamera inayotikisika haifundishi; ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inamfanya mtu aamini kwamba kazi ya kichwa imekwisha kufanywa.

Litakuja pingamizi la kwanza, nalo ni la haki. Mtu aliyekaa sebuleni hasukumwi na kitu. Ukimnyima na mtikisiko wa picha, atajuaje kwamba hewa ni mbaya, au kwamba gurudumu limegusa kokoto? Nakubali sehemu ya hoja hii. Kwenye njia mbovu ya udongo mwili hutetemeka kwa kasi ambayo hata jicho haliwezi kuifuta yote, na namba za dashibodi huchuja kweli. Mtikisiko mdogo wa dashibodi peke yake, kwa sekunde chache za kukimbia ardhini, una haki ya kuwepo. Lakini hewa mbaya tayari imo kwenye programu: ndege yenyewe huinuka, hushuka na kulala, na upeo wa macho huonekana ukifanya hivyo kupitia kioo. Kuongeza kichwa kinachorushwa juu ya hayo ni kuhesabu jambo moja mara mbili. Hisia inayokosekana ni ya mwili, basi na iletwe kwa njia ya mwili au ya sikio. Spika yenye besi iliyofungwa chini ya kiti huwasilisha kokoto vizuri kuliko picha inayocheza. Na tazama wanavyofanya wenye uwezo wote. Simuleta kubwa za mashirika ya ndege, kama zile za chuo cha Ethiopian Airlines mjini Addis Ababa, husimama juu ya miguu ya haidroliki au ya umeme, humsukuma rubani mwili mzima, na picha ya nje huchorwa kwa kufuata mahali palipopangwa pa jicho. Kichwa kinabaki mali ya rubani.

Pingamizi la pili linatoka Mofu kwenyewe, na ndilo ninalolipa heshima zaidi. Miwani ya uhalisia pepe, ambayo hufuata kichwa nyuzi kwa nyuzi, ni ghali, na inataka kompyuta yenye nguvu. Toleo la Microsoft hutegemea intaneti kuleta picha za ardhi, na bando la simu kijijini huisha kabla mrukaji hajaiona Mofu. Uhuru wa kichwa si anasa ya watu wa Ulaya? Si lazima iwe hivyo. FlightGear ni programu ya bure, ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1990, na ramani zake zikishapakuliwa mara moja hukaa kwenye kompyuta. X-Plane nayo husoma ramani zake kutoka kwenye diski ya kompyuta. Opentrack, ambayo pia ni ya bure, inaweza kutumia kamera ya kawaida ya kompyuta kuutambua uso na kuufuata. Na asiye na hata hiyo kamera bado ana vitufe na kipanya: kitufe kimoja cha kuinamia mbele, kimoja cha kujiinua, kimoja cha kuchungulia pembeni mwa nguzo. Shingo ya kitufe ni duni, lakini inaamriwa na mtu anayetafuta kitu, na hilo ndilo jambo lenyewe.

Wanaotumia vifaa vya kufuatilia kichwa watanijibu kwamba navyo ni uongo, na hawajakosea. Skrini ya inchi 24 iliyo sentimita 60 kutoka usoni hufunika nyuzi 48 hivi, wakati macho mawili ya binadamu hushika karibu nyuzi 200. Ili mtu aone bega lake la kushoto bila kuiacha skrini, kifaa hukuza mwendo: ageuze kichwa nyuzi 15, picha igeuke 90. Programu nazo, ili kumpa mtu picha pana, huibana dunia kwenye kioo kidogo, na hapo kiwanja huonekana chembamba na cha mbali kuliko kilivyo. Jambo hili la pili ndilo la hatari. Vitabu vya urukaji huonya kwamba kiwanja chembamba humdanganya rubani adhani yuko juu sana, akashuka chini kupita kiasi. Mwanafunzi aliyezoea picha iliyobanwa hubeba udanganyifu huo hadi kwenye kiwanja halisi. Hata hivyo tofauti ya uongo huu na ule wa mtikisiko ni kubwa. Shingo iliyokuzwa huongopa kuhusu kiasi, lakini husema kweli kuhusu nani anayeamuru. Mtikisiko huongopa kuhusu vyote viwili.

Wapo watakaosema haya yote ni mchezo, na mtu aachwe acheze anavyopenda. Acheze. Saa za kompyuta ya nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni ya rubani, na sidai mamlaka yoyote iingie sebuleni mwa mtu. Ila vijana wa bonde hili wanaoota kuruka hawana shule ya urubani karibu, na kompyuta hiyo ndiyo ndege ya kwanza watakayoikalia. Walimu wa urukaji wana lalamiko lililozoeleka: wanafunzi waliotoka kwenye simuleta huikodolea macho dashibodi na kusahau kutazama nje. Sishangai. Kwa miaka mingi tumewapa dirisha lisiloitika shingo yao.

Kuna faida nyingine ambayo sijaona ikichukuliwa kwa uzito unaostahili. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kufundisha wahifadhi wa Afrika, na vyuo vingine vya wanyamapori, vinaweza kutumia simuleta ya kawaida kufundisha jiometri ya sensa kabla ya kulipia hata lita moja ya mafuta ya ndege. Weka kamera kwenye kiti cha nyuma cha Cessna, chora fimbo mbili kwenye mkono wa bawa, bandika vipande vya utepe kwenye skrini kama alama za dirisha, kisha mshushe mwanafunzi sentimita 5 umwoneshe jinsi ardhi ya Kilombero inavyotanuka kati ya fimbo. Somo hilo ambalo angani huchukua siku kadhaa na fedha nyingi, darasani litachukua asubuhi moja. Haliwezekani kwa kamera inayotikisika yenyewe.

Basi, ndugu msomaji mwenye kompyuta na hamu ya kuruka, nakuomba ufanye mambo manne jioni ya leo. Tafuta kitelezi cha mtikisiko wa kichwa ukishushe hadi sifuri. Rekebisha kimo cha jicho hadi uone juu ya boneti kiasi kile ambacho ungekiona ukiwa umekaa wima. Punguza upana wa picha hata kama itakubidi uone kidogo, kisha pangia vitufe viwili kazi ya kukuinamisha mbele na kukuinua. Ukimaliza, ondoka Ifakara uelekee Mofu, Udzungwa ikiwa kulia kwako. Karibu na kijiji pinda kushoto kuufuata mto, na bawa litakaposhuka na kukuziba, inama uutafute.